Kiungo Kingojewacho

Msomaji, yamkini shuleni kwako kiko chumba cha kompyuta, na yamkini umewahi kuketi mbele ya mojawapo, ukabonyeza kitufe, ukangoja, kisha ukangoja tena, mpaka kengele ya mwisho wa kipindi ikalia kabla ukurasa ulioutaka haujafunguka. Kama jambo hilo limekupata, wajua uchungu wake. Iko siku, nayo huenda haiko mbali, utakapoulizwa na wakubwa wako: mashine zetu zimekuwa nzito, na fedha tulizo nazo ni chache; tununue nini ili zipate mwendo? Swali hilo niliulizwa mimi, nikalijibu upesi, nikalijibu vibaya. Kwa ajili hiyo nimeona yafaa nikusimulie habari za watu walioulizwa swali lilo hilo zamani, wakalijibu vema.

Kwanza kosa langu. Nilikuwa mwalimu mgeni, miezi michache tangu kutoka chuo cha ualimu, nami shuleni nilisifiwa kuwa kijana ajuaye mitambo. Chumba chetu kilikuwa na kompyuta 20, zote zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia sisi. Wazazi walichanga fedha. Wapo waliouza mbuzi, na wapo waliotoa malipo yao ya majani ya chai. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na kazi ya mradi iliyokuwa sehemu ya mtihani wao wa mwisho, na kazi hiyo haikuweza kufanywa pasipo mashine. Nilishauri tununue prosesa zenye mwendo mkubwa zaidi, yaani kile kipande kidogo kifanyacho hesabu na kutimiza amri, ambacho watu hupenda kukiita ubongo wa kompyuta. Niliona jambo liko wazi: ukitaka mtu afikiri upesi, mpe ubongo mwepesi. Prosesa zikanunuliwa, nami nikazitia kwa mikono yangu mwenyewe Jumamosi mchana kutwa. Jumatatu mwanafunzi mmoja akaketi, akawasha mashine, akangoja, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, zile mpya zitaletwa lini?"

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu, na huko nikakutana na mtambo ulioitwa ENIAC.

Katika mwaka 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilikuwa na shida ya hesabu. Kila aina ya mzinga ilihitaji jedwali la kumwonyesha mpigaji pembe ya kuuelekeza mzinga wake kwa kila umbali na kwa kila hali ya hewa. Mtu aliyetumia mashine ndogo ya kuhesabia ya mezani alichukua muda wa saa 20 hivi kuipata njia ya kombora moja tu, na jedwali moja lilitaka njia nyingi mno. Wahesabuji hawakutosha. Ndipo John Mauchly na J. Presper Eckert, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania katika mji wa Philadelphia, walipoanza kuunda mtambo wa kuhesabu kwa nguvu ya umeme. Ulikamilika mwishoni mwa 1945, vita vikiwa vimekwisha, ukatangazwa kwa watu Februari 1946.

Usiufikirie kuwa kama hii kompyuta uijuayo. Ulijaza chumba kikubwa, na uzito wake ulikuwa tani 30. Ndani yake zilikuwamo valvu karibu 18,000. Valvu ni chupa ndogo za kioo zenye waya za moto ndani, mithili ya zile zilizokuwa katika redio za babu zetu, na kila moja yaweza kuungua wakati wowote. Lakini mwendo wake wa kuhesabu uliwashangaza watu wote: uliweza kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde moja, na njia ya kombora iliyomchukua mtu saa 20 ilipatikana kwa nusu dakika. Siku ulipoonyeshwa kwa wageni, uliikokotoa njia ya kombora upesi kuliko kombora lenyewe ambavyo lingeruka.

Kama ningekuwapo siku ile, mimi niliyenunua prosesa, ningesema mtambo huu hauna haja ya kitu chochote. Kumbe ulikuwa na kasoro tatu, na hata moja haikuwa katika kuhesabu.

Ya kwanza ilikuwa katika kuupa amri. ENIAC haikupewa programu kwa kuandikiwa. Watu walichomoa na kuchomeka nyaya nene toka ubao hata ubao, wakageuza swichi nyingi kwa vidole, mpaka umeme ukapata njia ya kufuata katika kazi ile. Kazi nyingine ikija, nyaya zote hung'olewa na kupangwa upya. Waliofanya kazi hiyo hapo mwanzo walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Walijifunza mtambo kwa kusoma michoro yake, kwa kuwa hapakuwa na kitabu cha mafundisho. Nataja majina yao kwa sababu kwa miaka mingi picha zao zilichapishwa bila majina, na watu wengine wakadhani ni wasichana waliosimamishwa pale ili kuipamba picha. Basi mtambo uliomaliza hesabu kwa nusu dakika ulikaa siku kadhaa ukingoja kufungwa nyaya.

Kasoro ya pili ilikuwa katika kuweka na kukumbuka. Mtambo mzima uliweza kushika namba 20 tu zinazobadilika, kila namba yenye tarakimu 10. Namba ya 21 ikipatikana haina mahali pa kukaa, haina budi kutolewa nje. Na nje ndiko iliko kasoro ya tatu, maana njia ya kutoka na kuingia ilikuwa kadi ngumu za karatasi zilizotobolewa matundu. Mashine ya kutoboa ilitoboa kadi zipatazo 100 kwa dakika. Fanya hesabu hii mwenyewe: kadi 100 kwa dakika ni sehemu sita za kumi za sekunde kwa kila kadi, na katika muda huo ENIAC ingeweza kujumlisha mara 3,000. Mwenye mbio huyu alikuwa akisimama mlangoni kumngoja mchukuzi wa mizigo.

Mwaka 1947 mtambo ulihamishwa hadi Aberdeen, katika jimbo la Maryland, ilipokuwa maabara ya jeshi ya mizinga. Hapo ndipo swali letu lilipoulizwa kwa dhati: tuutengeneze vipi ili utufae zaidi? Jibu lililotolewa lanistaajabisha mpaka leo. John von Neumann, Adele Goldstine, Jean Jennings, ambaye sasa alikuwa ameolewa akaitwa Jean Bartik, na wenzao walitafuta njia ya kuufanya mtambo utii amri zilizoandikwa kwa namba. ENIAC ilikuwa na mbao tatu kubwa za swichi, kila ubao swichi 1,200, zilizokusudiwa kushika majedwali ya namba za kutumiwa katika hesabu. Mbao hizo zikageuzwa kuwa mahali pa kuandikia programu. Nyaya zilifungwa mara moja zikaachwa. Tangu hapo kazi ikibadilika, hubadilishwa swichi tu. Klara von Neumann na Nicholas Metropolis walikuwamo katika kuitia mashine katika hali hiyo mpya, na mwaka 1948 ikafanya kazi yake ya kwanza kwa njia hiyo.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Badiliko hili liliipunguzia ENIAC mwendo wake wa kuhesabu mara sita. Zamani sehemu zake mbalimbali ziliweza kufanya kazi kwa pamoja. Sasa zilikwenda moja baada ya moja kwa kufuata orodha. Mtu mwenye kupima mashine kwa mwendo wa kujumlisha angelia kwamba imeharibiwa. Walakini wenyewe waliridhika sana, kwa kuwa kuitayarisha kwa kazi mpya kulikochukua siku sasa kulichukua saa. Jumla ya muda tangu kuletwa swali hata kupatikana jibu ilipungua, na jumla hiyo ndiyo aliyoihitaji mwenye swali. Walitoa sadaka kitu walichokuwa nacho tele, wakapata kitu walichokuwa wakikikosa.

Baadaye waliongeza vingine. Mwaka 1952 walitia chombo cha kusogeza tarakimu upesi zaidi, na mwaka 1953 wakatia kumbukumbu mpya ya sumaku yenye nafasi ya namba 100. Hebu waza furaha ya watu waliokuwa wakihangaika na nafasi 20! ENIAC ilizimwa tarehe 2 Oktoba 1955, baada ya kutumika miaka kama 10, ambao ni umri mrefu kwa mashine ya namna ile.

Huenda utaniuliza: kwa nini kuongeza mbio za sehemu moja kusiongeze mbio za kazi yote? Twende kijijini. Mama mmoja achukua mahindi kwenye mashine ya kusaga. Kwenda ni dakika 40, kurudi dakika 40, na kusaga dakika 10. Jumla ni dakika 90. Mwenye mashine anunua injini mpya isagayo kwa nusu ya muda, kwa fedha nyingi. Mama sasa atatumia dakika 85. Hata angenunua injini ya kusaga kufumba na kufumbua, dakika za mama haziwezi kupungua chini ya 80. Lakini mwanawe akimchukulia gunia kwa baiskeli na kuifanya safari kwa nusu ya muda, kwenda na kurudi itakuwa dakika 40, na kwa injini ile ile kuukuu jumla itakuwa dakika 50. Mwaka 1967 mhandisi mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, alisimama mbele ya wenzake akatoa hoja ya namna hii kuhusu kompyuta. Alikuwa akiwajibu waliosema kwamba dawa ya kila uzito ni kuunganisha prosesa nyingi zifanye kazi sambamba. Aliwakumbusha kwamba ile sehemu ya kazi isiyogawanyika itabaki vile vile, nayo ndiyo itakayoweka mpaka. Jina lake limebaki katika kanuni hiyo.

Sasa nikueleze habari za mtambo mwingine, maana katika ENIAC waliobadilisha walikuwa na maarifa kuliko fedha, lakini huu ulitaka kitu kipya kabisa kivumbuliwe. Uliitwa Whirlwind, maana yake kimbunga, nao ulijengwa katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts chini ya uongozi wa Jay Forrester. Ulianzishwa kwa ajili ya kufundishia marubani. Baadaye jeshi la anga likautaka kwa kazi ngumu zaidi, ya kupokea habari za rada na kusema papo hapo ndege ziko wapi. Kazi ya namna hiyo haisubiri. Jedwali la mizinga likichelewa mpaka kesho halina neno, lakini ndege haitasimama angani kumngoja mwenye kuhesabu.

Kumbukumbu ya Whirlwind ilikuwa katika chupa kubwa za kioo, jamaa ya zile za televisheni za zamani, ambamo mwale wa umeme uliandika madoa madogo ya chaji na kuyasoma tena. Chupa hizo zilikuwa ghali, tena hazikudumu. Kila siku mafundi walitumia saa 4 kuzitengeneza, na hata hivyo kwa wastani kumbukumbu ilikosea mara moja kila baada ya saa 2. Sehemu ya kuhesabu ilikuwa nzima na nyepesi, lakini ilimtegemea mwenzake mgonjwa.

Forrester akatafuta kitu kingine cha kukumbukia. Hakuwa peke yake duniani aliyefikiri juu ya sumaku, lakini alipata njia nzuri ya kuipanga. Tengeneza pete ndogo sana za udongo wa sumaku uliochomwa, pete ambazo zaweza kuelekezwa upande huu au upande ule. Zitunge katika nyaya zinazokatana kama nyuzi za wavu, pete moja katika kila makutano. Upande mmoja ni sifuri, upande wa pili ni moja. Ukitaka kuigusa pete fulani, pitisha nusu ya umeme unaohitajika katika waya wa kulala na nusu katika waya wa kusimama. Ni pete iliyo kwenye makutano tu itakayopata umeme kamili, nyingine hazitashtuka. Pete hizo zilitungwa kwa mkono, kama shanga.

Ukomavu wa watu hawa wauona katika walilofanya baadaye. Hawakukimbilia kuzitoa chupa za kioo na kutia pete. Walijenga kompyuta nyingine nzima kwa ajili ya kuzijaribia pete tu, wakaiona inakwenda vizuri, na ndipo Agosti 1953 pete zilipohamishiwa ndani ya Whirlwind. Matokeo yake yameandikwa, nami nayaona kuwa ushuhuda bora kuliko maneno mengi. Mwendo wa mtambo uliongezeka mara mbili, na uwezo wake wa kupokea habari mara nne. Zile saa 4 za matengenezo kila siku zikawa saa 2 kwa juma. Na kumbukumbu iliyokuwa ikikosea kila saa 2 sasa ilikwenda kwa wastani majuma 2 bila kukosea. Kwa maoni yangu, hesabu hii ya mwisho ina uzito kupita ile ya kwanza, ingawa watu hupenda kutaja ile ya kwanza. Kwa muda wa miaka 20 hivi baada ya hapo, pete za sumaku ndizo zilizokuwa kumbukumbu za kompyuta kubwa karibu zote.

Usije ukafikiri kwamba maarifa haya yalipitwa na wakati pamoja na valvu. Mwaka 1990 Wamarekani walirusha darubini iitwayo Hubble, iliyowekwa izunguke dunia katika kimo cha zaidi ya kilomita 500. Kompyuta yake ilikuwa imebuniwa miaka ya 1970, na baadhi ya kumbukumbu yake iliharibika. Mwaka 1993 wanaanga waliifikia wakaiongezea prosesa ya kuisaidia, na Desemba 1999 wanaanga Michael Foale na Claude Nicollier walitoka nje ya chombo chao, wakaing'oa kompyuta kuukuu na kutia nyingine. Walitia prosesa gani? Madukani mwaka ule ziliuzwa prosesa zenye mapigo zaidi ya milioni 500 kwa sekunde. Wao walitia Intel 486 ya mapigo milioni 25, ambayo aina yake ilitokea mwaka 1989. Huko juu iko miale inayopenya vyombo na kuvuruga kumbukumbu, na prosesa ya aina ile ilikuwa imekwisha kujaribiwa angani mwaka 1998. Iliyo mpya kabisa haikuwa na ushuhuda huo. Nayo ile 486 iliyodharauliwa madukani iliipa Hubble mwendo mara 20 na kumbukumbu mara 6 kuliko ilivyokuwa nayo. Walipima kwa haja ya darubini, wala hawakupima kwa tangazo la muuzaji.

Basi turudi katika chumba chetu, na kompyuta zangu 20 zenye prosesa mpya.

Kompyuta ya siku hizi ina mahali pawili pa kuweka vitu. Papo kumbukumbu ya kazi, ambayo ni nyepesi lakini ndogo, nayo husahau yote umeme ukikatika. Na ipo diski, ambayo ni kubwa na haisahau. Diski za mashine zetu zilikuwa za kuzunguka, na diski ya namna hiyo aghalabu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Jambo utakalo laweza kuwa upande wa pili wa sahani, hivyo kwa wastani utangoja nusu mzunguko, nao ni kama sehemu 4 za elfu za sekunde, mbali na muda wa mkono wa diski kusogea. Kwako wewe hicho si kitu. Lakini prosesa yenye mapigo milioni 2,000 kwa sekunde huwa imepiga mara milioni 8 ikingoja nusu mzunguko mmoja. Na kumbukumbu ya kazi ikijaa, mashine haina budi kuhamisha vitu kuvipeleka diskini na kuvirudisha, safari baada ya safari. Ni ENIAC na kadi zake, katika sanduku dogo.

Kila kompyuta yetu ilikuwa na taa ndogo mbele, inayowaka diski inapofanya kazi. Taa hizo hazikuwa zikizimika. Kwa miezi mizima zilikuwa zikiniambia jambo, nami nilizitazama nisizisome. Hata ndani ya mashine iko programu ionyeshayo prosesa inatumika kwa kiasi gani na kumbukumbu imejaa kwa kiasi gani. Nilipoifungua, nikaona kumbukumbu imejaa pomoni na prosesa, ile niliyoinunua kwa fedha za mbuzi na chai, imekaa karibu bure. Kuitazama kulinichukua dakika mbili. Laiti ningalizitumia dakika hizo kabla ya kwenda dukani.

Fedha zilikuwa zimekwisha, na muda uliobaki kabla ya kazi za mradi kukusanywa ulikuwa majuma matano. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamweleza wazi. Kisha nikapendekeza jambo nililojifunza kwa wale wa Aberdeen: tutoe kitu tulicho nacho ili tupate tunachokikosa. Tungeng'oa vipande vya kumbukumbu katika kompyuta 8 na kuviongeza katika 12 zilizobaki. Mashine zetu zilikuwa za kizazi kimoja, kwa bahati njema, kwa maana kipande cha kumbukumbu cha kizazi kimoja hakiingii katika tundu la kizazi kingine, na anayenunua bila kuangalia hilo hurudi dukani na aibu mkononi. Mwalimu mkuu alinyamaza kitambo. Hakupenda kuona masanduku manane matupu katika chumba ambacho wazazi walikuja kukitazama. Akakubali.

Wanafunzi wa kidato cha nne waligawanywa makundi mawili, moja likaingia alasiri na jingine baada ya chakula cha jioni. Kompyuta 12 zikawahudumia wote. Yule aliyeniuliza habari za mashine mpya alifungua kazi yake, akaandika, akaihifadhi, akaanza nyingine, wala hakuniuliza neno. Taa ndogo za mbele zilikuwa zikiwaka na kuzimika.

Katika mkutano wa wazazi ulioandamia nilisimama nikaeleza yote, pamoja na kosa langu, nikionyesha masanduku manane yaliyopangwa ukutani. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "zile fedha zetu za kwanza, zimepotea, au zimo bado ndani ya zile mashine?" Nikamjibu kuwa katika zile 12 zimo, na kwamba kwa muda wa majuma matano sasa zilikuwa zimepata kazi ya kufanya.